Kifungu cha Saba na Mazishi ya Dekow

Mheshimiwa Mwenyekiti Bwana Shem, Pasta wetu, wazee na kina mama wa chama chetu cha mazishi cha Wakenya hapa ughaibuni, dada Habibo uliyekaa pale mlangoni, na nyinyi vijana mnaoelewa Kiswahili lakini mtanijibu kwa Kiingereza: hamjambo?

Leo ninapostaafu ukatibu mmenisifu kwamba mimi, Mugambi, niliwaandikia katiba safi. Shem amesema, “Hata mawakili wa Nairobi hawana kama hii!” Kweli hawana. Ngojeni niwaeleze usafi wake.

Januari kanisa letu lilialikwa kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi. Nilidhani nitaona bunduki. Nikaonyeshwa karatasi. Watu ni raia kabisa wa Ujerumani, wamezaliwa pale, wanalipa kodi, halafu sheria zinawajia moja moja: Myahudi asiajiriwe serikalini. Daktari Myahudi anyang'anywe leseni. Mwanamume ambaye jina lake halisikiki la Kiyahudi aongezewe jina la Israeli. Mwanamke aongezewe Sara. Baadaye, Myahudi asifuge paka. Jamani, paka! Kuna mtu mwenye tai na mshahara aliyekaa ofisini akawaza paka wa watu, akaandika vizuri, akapiga muhuri, akaenda kunywa chai. Hadi watu wale wanapandishwa treni kwenda kuuawa, karani bado anajiona mtu mwema. Si alifuata utaratibu?

Nikacheka. Halafu nikagundua karani yule namjua.

Sisi hatukuua mtu, na silinganishi makaburi. Nalinganisha kalamu tu. Mnakumbuka wenzetu Waislamu wa Garissa walipoanza kujiunga, tukanong'onezana kwamba wanazidi? Sisi ni watu wa heshima, hatukutaja jina. Niliandika tu kifungu cha saba: chama kitasaidia tu maiti inayosafirishwa kwenda Kenya, baada ya jioni tatu za maombi. Nani hapa hajui kwamba Mwislamu huzikwa upesi, palepale alipofia? Nilijua. Ndiyo maana niliandika.

Dekow, mmoja wao, aliyechangia kila msiba wetu, akafariki, kesho yake akazikwa hapa hapa, na chama hakikutoa hata senti. Dada yake Habibo akanifuata kazini kwangu, mtaa wa Tyseley. “Mugambi, ulitaka angoje kwenye friji ndio awe memba?”

Nikamwambia, “Dada, sheria haibagui mtu. Kata rufaa.”

Akakata. Kamati ya rufaa ilikuwa mimi. Nikakaa, nikajisikiliza, nikakubaliana na mimi. Kisha nikaandika kwamba mwenye rufaa asipige kura tena.

Habibo, sikukosea kwa bahati mbaya. Nilikusudia. Na leo mama yako amelazwa, hali yake si nzuri, na kifungu bado kipo.

Wenzangu, nisameheni mkitaka, lakini kifungu hiki tukifute kabla pilau haijaletwa. Najua Mwenyekiti atasema lazima notisi itangulie. Hiyo nayo niliitunga mimi, ili msiweze.

Mmenipa masikio yenu, nashukuru. Sasa naomba mikono juu, tukifute. Pasta, asante. Kina mama, asanteni sana.

Shem, ndugu yangu, wako siuoni.