Picha Isiyotakiwa Kuwa na Mtu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa jengo la Mama Ghorofa, kati ya duka la dawa na ngazi za kupandia juu. Mimi ndiye muuza kahawa wake, na sikai. Wanaokaa ni wengine. Kuna Katibu, mstaafu ambaye hakuna chama kinachokiri kwamba ni katibu wake. Kuna Soli, fundi viatu, anayeshona huku akibishana. Na kuna Randa, seremala, shemeji yake Soli, maana alimwoa dada yake. Huyu Randa ndiye aliyekuwa na jambo lake. Anafanyia kazi chini ya turubai ubavuni mwa jengo, na mvua ikinyesha mbao zinalowa, nyingine kazihamishia sebuleni kwake, mkewe anazikanyaga akienda jikoni. Alikitaka chumba kitupu cha chini kiwe karakana. Mama Ghorofa akamwambia wazi: nimalizie milango ya vyumba vya juu, chumba ni chako, ukizembea, yupo seremala mwingine anakiulizia. Jumanne akampigia simu kujua kazi imefikia wapi. Randa akajibu, "Niko kwenye milango yako, mama, tangu asubuhi naranda tu." Nilimsikia kwa masikio yangu, maana ndio nilikuwa namwongezea kahawa.

Alhamisi akaja Flashi, mpiga picha wetu, kompyuta kwapani, sura imemshuka.

— Jamani, nimeumbuka. Mama Ghorofa anakuja sasa hivi kuona picha ya jengo lake. Anataka kuiweka kwenye bango la kutafutia wapangaji, na alisisitiza asionekane mtu hata mmoja.

— Kwani tatizo nini? aliuliza Soli.

— Tatizo ninyi.

Akaifungua kompyuta juu ya benchi, tukainamisha vichwa. Jengo lilikuwa zuri kuliko lilivyo. Barabara tupu, kama vile watu wametangaziwa wasitoke ndani. Hakuna pikipiki, hakuna mama wa mboga, hakuna wanafunzi wala mkokoteni. Ila pale katikati lipo benchi, na juu yake wameketi Katibu, Soli na Randa. Chini ya benchi amelala mbwa wa duka la dawa.

— Mimi niko wapi? niliuliza.

— Umefutwa, alisema Flashi.

— Na birika?

— Na birika.

Iliniuma, sifichi. Watu nawahudumia kila siku ya Mungu, halafu picha inawabakiza wao na mbwa.

— Umetufanyia ubaguzi, mimi na birika langu, Flashi.

— Sikufuta mimi, kafuta filta. Nimeishusha kwenye mtandao, bure kabisa. Ziko nyingi, unazichomeka kwenye ile programu ya kutengenezea picha, na programu yenyewe nayo ni bure. Waliozitengeneza wameacha kila kitu wazi, ukitaka kujua imeundwaje unafungua unaangalia. Hii kazi yake ni kuondoa watu barabarani. Jumanne nilifunga kamera pale ng'ambo, nikawa napiga moja, napumzika, napiga nyingine, mpaka jioni. Kisha nikaipa zote, ikazipanga moja juu ya nyingine na...

— Ngoja hapo, Katibu akamkata. Umesema bure?

— Bure.

— Mtu hakujui, hujawahi hata kumpa pole akiumwa, akutengenezee kitu bure?

— Ndiyo. Na wengine wanakirekebisha kizidi kuwa kizuri, nao bure.

— Basi hapo ndipo penye shida, alisema Randa. Cha bure hakina nguvu. Kimefuta wepesi wepesi, kilipofika kwetu kikachoka. Sisi wazito.

— Jumanne alipita askari wa barabarani na lile tumbo lake, alisema Soli. Mbona kafutwa?

Katibu akainua kidole, na Katibu akiinua kidole ujue hapakaliki.

— Mnaona? Hata askari! Programu isiyoogopa askari imetuheshimu sisi. Hiyo imesoma nyuso. Imejua kwamba wale ni wapita njia, na hawa ndio wenyeji, watu wenye hadhi zao.

— Na mbwa? niliuliza, kinyongo hakijanitoka.

— Mbwa naye ni mwenyeji.

Soli alikuwa ameisogelea picha, pua yake inakaribia kugusa kioo.

— Jamani. Mikono yangu iko wapi?

Tukaangalia. Kweli bwana. Kichwa cha Soli kipo, aproni ipo, lakini kuanzia viwikoni kwenda mbele ni ukungu mtupu. Randa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Shemeji, wamekuchukua mikono! Dada yako nikamwambie nini?

— Chekeni tu, Katibu akashusha sauti. Ndiyo malipo yenyewe hayo. Si mliambiwa bure? Wanachukua viungo, kidogo kidogo, mwenyewe usishtuke.

— Waifanyie nini mikono ya fundi viatu?

— Waandikie programu! Mtu anayefanya kazi ya bure usiku na mchana, mikono yake itadumu? Lazima awe na ya akiba. Lipo ghala mahali, naapa, limejaa mikono ya watu, ya kulia huku, ya kushoto kule.

— Mbona yako wameiacha?

— Yangu imezoea kupiga sahihi tu. Haiwafai.

— Na yangu? akauliza Randa.

— Wewe una msumeno. Wameogopa.

Flashi akajaribu tena.

— Nisikilizeni basi, hakuna cha ghala, hii filta yenyewe...

— Wewe ungetuambia tusogee, yakaisha! Soli akamkemea.

— Niliwaambia! Asubuhi niliwaomba mnipishe, mkasema sasa hivi. Mchana nikarudia, mkasema sasa hivi.

Hakuna aliyekumbuka. Mimi nilikumbuka, lakini nani anamuuliza mtu aliyefutwa?

Kumbe Mama Ghorofa alikwisha fika, amesimama nyuma yetu na funguo zake mkononi. Shikamoo zikamiminika, hata ya Katibu, ambaye kiumri yeye ndiye wa kuamkiwa. Mama akaitikia, akavaa miwani, akaitazama picha. Katibu akamweleza yote, ya hadhi, ya askari na ya ghala la mikono. Mama akamwacha amalize, kisha akamgeukia Flashi.

— Mwanangu, hii filta inajuaje nani wa kumfuta?

Kwa mara ya kwanza tangu aje, Flashi hakukatwa kauli.

— Haimjui mtu, mama. Inalinganisha picha zote. Kilichobaki pale pale katika picha nyingi, inakiacha. Kinachosogea, inakifuta.

— Na ulipiga Jumanne nzima?

— Nzima, mama.

Soli akaitazama mikono yake ya kweli, uzi bado umemzunguka kidole, akaanza kutabasamu polepole. Ilifutika kwa sababu ilikuwa inashona. Na mimi kinyongo kikaniisha papo hapo. Nilitamani picha ile niitundike kwangu, nimuoneshe kila mgeni mahali ambapo sipo.

Mama Ghorofa akamwomba Flashi aikuze. Benchi likajaa kioo kizima. Huyo hapo Randa, anaonekana mpaka kucha: mkono mmoja umeshika kikombe, wa pili kaegemezea shavu.

— Randa.

— Naam, mama.

— Jumanne ulikuwa unairanda milango yangu kwa mkono upi?

Randa akamtazama shemeji yake. Soli akainamia kiatu. Akamtazama Katibu, ambaye hakuna jambo asilokuwa na maelezo yake. Katibu akaniomba kahawa. Nilimhurumia Randa, Mungu ananiona. Niliziwaza zile mbao za sebuleni, na yule dada wa watu anayeziruka na sufuria ya moto mkononi.

— Niwaondoe hawa, mama? aliuliza Flashi kwa sauti ndogo. Ipo filta nyingine...

— Waache walivyo. Kesho funga kamera yako pale pale, upige tena mpaka jioni, na turubai la huyu liingie pichani. Kisha zitie zote kwenye hiyo hiyo filta yako ya bure. Randa akionekana, hata kidole, chumba nampa yule mwingine.

Randa alikuwa ameshasimama. Akanikabidhi kikombe kikiwa bado kimejaa, akaelekea kwenye turubai, akageuka.

— Flashi, ndugu yangu. Kahawa kikombe kimoja tu, itanionesha?

— Kunywa huku unatembea, alisema Mama Ghorofa.