Jogulamba na Msuko Uliovuka Pazia

Wasikilizaji wapendwa, leo kiti hiki hakinikaliki. Jogulamba ametutoka. Mwanamke wa kwanza wa kijiji chetu kucheza ngoma ya jukwaani ametutoka, akiwa na miaka themanini na sita.

Hakuwa mtu wa kutulia. Mdogo wake, Bi Venkamma, anakumbuka: "Hata akichambua mchele, miguu inacheza. Mama anamfokea, 'Wee, jiko si jukwaa!'"

Jukwaa lenyewe alinyimwa. Kwetu hata malkia huchezwa na mwanamume. Baba yake, mzee Seetharamayya, alimcheza malkia Satyabhama wa hadithi zetu za kale, yule mwenye maringo, kwa miaka ishirini, nywele za bandia mgongoni. Binti akajifunza kwa kuchungulia dirishani. Alipoomba afundishwe, mzee alimkata kauli: "Binti wa ukoo huu hachezi. Nenda kapike."

Mwaka 1957 kikundi cha mji jirani kikampa nafasi ya Satyabhama. Desturi yetu mnaijua. Kabla malkia hajatokea, watu wawili hushika pazia, naye hurusha msuko wake juu ya pazia hilo. Maana yake: anayenishinda ujuzi, aje aukate. Haji mtu. Ni tambo tu.

Siku ile msuko ukavuka pazia. Nywele zake mwenyewe, wasikilizaji. Na baba yake akasimama, mkasi mkononi.

"Mzee, kaa chini, huyo mwanao!" mtu akapaza sauti.

"Leo si mwanangu. Leo ni Satyabhama."

Akapiga kiganja mapigo saba, magumu kwelikweli, akataka binti ayacheze. Pazia likashushwa. Jogulamba alitaka kitu kimoja tu duniani: baba akubali kwamba ngoma ile ni yake pia. Akacheza. Mapigo sita yakakaa. La saba likachelewa kidogo mno. Ukumbi mzima ukashangilia. Mzee akaketi, akaufutika mkasi kiunoni.

Nyumbani Jogulamba akamfuata barazani.

"Baba, nilikosea la saba."

"Najua."

"Mbona hukukata?"

"Mkono ulikataa."

Jogulamba akauchukua ule mkasi, akaukata msuko mwenyewe. Mama akapiga yowe: "Uuwii! Nani atamwoa huyu sasa?" Mzee akauokota msuko sakafuni. Kisha akasema, "Kesho alfajiri njoo. Tunaanza na la saba."

Narudia, wasikilizaji. Alikosea. Watu hawakujua. Akasema mwenyewe. Mlango ulifunguka hapo, na wasichana zaidi ya mia nne wamepitia kwake wakajifunza ngoma hii. Wala hakuwadekeza. "Akikusifu," asema mwanafunzi wake Hemalatha, "ujue anaumwa."

Jumanne asubuhi Hemalatha alikuwa akimchezea kando ya kitanda.

"Tena," Jogulamba akasema.

Hemalatha akarudia.

"Tena."

Akarudia. Alipomaliza alisimama akisubiri, jasho likimtiririka. Hakuambiwa kitu. Ndipo alipogeuka kumtazama mwalimu wake.

Bi Venkamma, Hemalatha, na ukoo wote, poleni sana. Tunalia nanyi, na hatuoni haya kulia. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, kabla hatujazima redio, tujiulize: ni kosa letu lipi lililopigiwa makofi, nasi tukanyamaza?