Mpima Upepo wa Barabara ya Kaskazini Arudi Nyumbani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mpima upepo wa matairi katika kituo chetu cha mwisho cha barabara ya kaskazini anastaafu. Sisi madereva wa malori tunamwita Upepo. Jina lake la kwenye mshahara tulishalisahau, na nadhani yeye pia.

Kwa wasiowahi kufika huko: lami inaishia kituoni kwake. Mbele ni kokoto, mawe makali na mchanga, na ukikwama unaweza kukaa hadi kesho yake bila kuona mtu. Kituo chenyewe ni chumba kimoja, kompresa, pipa la maji na benchi. Aliwekwa pale kwa muda tu, amshikie nafasi mwenzake aliyekwenda likizo. Mwenzake hakurudi.

Sharti lake lilikuwa moja: tairi halipimwi likiwa moto, maana upepo hupanda na kipimo hudanganya. Kwa hiyo ukifika, unakaa benchini hadi lipoe. Tulinung'unika sana. Dereva mmoja mjuaji alikataa kusubiri, akapima mwenyewe matairi ya moto, akaona upepo umezidi, akaupunguza. Asubuhi ya baridi yakawa yamelegea, na mawe yakapasua mawili kwa mpigo. Upepo alimfuata na pikapu, kompresa ndogo na matairi ya akiba. Hakumgombeza. Ila dereva anasema jamaa aliongea njia nzima bila kumeza mate, na hapo ndipo tulipojua amekaa muda gani bila mtu wa kuongea naye.

Tangu siku hiyo manung'uniko yaliisha, na pancha zikapungua hadi mhasibu wa kampuni akatupongeza, jambo ambalo si kawaida yake.

Niseme ukweli. Upepo amekuwa mpweke kule, na sisi tulikuwa tunapita tu. Mkewe alibaki mjini kulea watoto, wakawa wanaonana wakati wa likizo. Watoto wamekua, wana kwao. Mwezi uliopita aliniambia anaogopa kustaafu: anakwenda kuishi na mwanamke anayempenda lakini hamjui, hajui hata kama asubuhi anapenda kusemeshwa au kuachwa.

Juzi nilimpandisha shemeji kwenye lori, twende tukamchukue. Njia nzima aliniuliza maswali: bado anakoroma, chai anakunywa na sukari, huwa anachekeshwa na nini. Nilijibu yote, nikaona aibu kumjua mume wa mtu kuliko mwenyewe.

Tulipofika walisalimiana kwa mkono, kama wajumbe wa kikao. Matairi yalikuwa moto, basi wakakaa benchini, mmoja mwanzo, mwingine mwisho. Upepo akaanza kumweleza kwa nini tairi la moto halipimwi. Hayo nilikuwa nimeshamweleza shemeji njiani, tena mara mbili. Akamsikiliza hadi mwisho kana kwamba ni habari mpya, akauliza swali, kisha akasogea karibu akauliza jingine.

Matairi yalipoa. Nikapima mwenyewe, sikuwasumbua.

Asante, kaka, kwa kila dereva uliyemfikisha kwake salama. Sasa ni zamu yako. Tunawaombea afya na siku nyingi za pamoja, wewe na shemeji. Mzoeane taratibu, hakuna lori linalowasubiri.