Bwana Washa na Mkanda wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, aliyestahili kusimama hapa ni mama yangu, dada pekee wa marehemu, lakini sauti yake imekauka kwa kulia tangu Alhamisi, akaniambia nenda wewe, mdomo unao, basi nimekuja na mdomo wangu, na naomba mnivumilie, maana maisha ya mjomba yana mahali pamoja ambapo familia yetu imezoea kupapita kwa kunyata, na leo sitanyata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa baba seremala na mama mshona nguo, na kwa kuwa babu ndiye aliyekuwa akitengeneza viti vya jumba la sinema, alikuwa akienda naye ili amshikie misumari, mtoto akashika misumari huku macho yakiwa kwenye pazia jeupe, na hayakurudi tena. Alianza shule mwaka 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1965, na tusidanganyane mbele ya jeneza, hakufaulu, mwalimu wake wa hesabu alimwambia babu kwamba darasani huyu mtoto upo mwili tu, roho imeshakata tiketi.

Januari 1967 aliajiriwa pale pale sinema kufagia maganda ya karanga, na mwaka 1970, mwendesha mashine wa zamani alipostaafu, akapanda ngazi ya chuma kuingia chumba cha mashine, kijichumba chenye joto la tanuri, mashine mbili na kitundu cha kuchungulia ukumbini, na huko ndiko alikopata jina, kwa kuwa mkanda ukikatika watu walipiga miluzi na kupaza sauti wakisema "Washa! Washa!", naye juu kule anaunganisha kwa gundi, jasho linamtoka, akawa Bwana Washa hadi leo, hata kadi yake ya hospitali imeandikwa hivyo.

Chini ya chumba cha mashine palikuwa na dirisha la tiketi, na dirishani alikaa binti wa mwenye duka la vyuma lililokuwa ng'ambo ya barabara, sisi tulikua tukimsikia akiitwa Dada wa Dirishani, na kwa vile kazi haikuwaruhusu kuongea, mjomba aligonga sakafu kwa kisigino mara tatu, polepole, naye akajibu darini kwa mpini wa ufagio, wakadhani hakuna anayejua, lakini mapenzi ni kikohozi, mtaa mzima ulijua, aliyechelewa kujua ni baba mtu peke yake.

Mwaka 1975 ikaja filamu ya Kihindi ya kijana mpiga ngoma na binti wa mwenye kiwanda cha hariri, wapenzi waliotenganishwa kwa uongo, huyu kaambiwa mwenzake amekufa, yule kaambiwa mwenzake ameolewa, wakatafutana mvua na jua mpaka wakakutana kwenye daraja, na ingawa hakuna mtu ukumbini aliyejua neno moja la Kihindi, watu walilia wakapokezana leso. Filamu hiyo ilikuwa na mikanda minane, kila mmoja kwenye kopo lake la bati, na nakala ilikuwa moja kwa majumba mawili, wenzetu wa upande wa pili wa mji wakianza mapema na sisi tukiwafuata, mkanda ukiisha kwao unapakiwa kwenye baiskeli na kukimbizwa kwetu, na aliyeiendesha ni mzee wetu Pancha, ambaye enzi hizo alikuwa kijana na hakuwa bado na jina hilo.

Baba wa binti alipojua alimtoa dirishani siku hiyo hiyo, akamfungia nyumbani, juu ya duka, akatamka mbele za watu kwamba binti yake haolewi na mtu anayefanya kazi gizani, akapanga kumpeleka mbali kwa shangazi, ambako mchumba alikuwa ameshapatikana. Wapenzi wakapeana ahadi kupitia kwa mama yangu, kwamba Jumamosi tarehe 9 Agosti, filamu ikiisha na watu wakimwagika barabarani, binti atajichanganya nao, azunguke mlango wa nyuma, agonge mara tatu, mjomba afungue, waende kwa mama yangu, na Jumatatu wakafunge ndoa. Hawakutaja saa, kwa nini wataje, kwao wawili saa ilikuwa ni filamu.

Jumamosi hiyo mikanda saba ilifika salama, wa nane haukufika. Mjomba alikaa na mashine tupu, ukumbi ukaanza miluzi, na hapo ndipo akafanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya, alijiambia kwamba maadamu filamu haijaisha, hakuna atakayetoka, na maadamu hakuna aliyetoka, binti hatakuja, kwa hiyo akashuka ngazi, akapanda baiskeli ya mlinzi, akaenda kuufuata mkanda wa mwisho mwenyewe, ili wale wapenzi wa kwenye pazia wakutane na yeye akutane na wake. Alimkuta Pancha nusu ya njia, tairi limelala, kopo kalikumbatia, akamnyang'anya kopo, akageuza, akakanyaga pedali kama mwendawazimu.

Huku nyuma mwenye sinema alichoshwa na kelele, akawasha taa, akatangaza kwamba waje kesho waingie bure, watu wakamwagika barabarani wakinung'unika, na ng'ambo ya barabara binti akawaona, akajua filamu imeisha, akatoroka kwa uani na kifurushi chake, akazunguka mlango wa nyuma, akagonga mara tatu, akangoja, akagonga tena, akagonga mpaka kaka yake akamkuta hapo, na basi la jioni likaondoka naye. Mjomba alirudi na mkanda, akakuta ukumbi mtupu, pazia jeupe, na mlinzi anauliza baiskeli yangu iko wapi.

Kesho yake alikwenda dukani kwa mzee wa vyuma, akapiga magoti penye misumari na makufuli, akaomba aambiwe binti yuko wapi, akajibiwa umechelewa, kijana, na neno hilo alilisikia maisha yake yote. Aliulizia kwa makondakta, kwa wasafiri, kwa yeyote aliyekwenda mbali, hakupata mji wala mtaa, alichopata baada ya mwaka ni maneno machache yaliyopita midomo mingi, kwamba binti ameolewa, na akiulizwa habari za huku husema, "Aliniacha nikigonga mlango." Maneno hayo, jamani, ndiyo yaliyomuua mjomba, madaktari watanisamehe, kiharusi kilikuja kumalizia tu. Alimwambia mama yangu, "Sitaki arudi, dada, ana nyumba yake, nataka ajue tu nilikuwa wapi."

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa, na si kwa kukosa, mama yangu alimletea wasichana mpaka akaishiwa na marafiki, mjomba akawakaribisha wote kwa heshima, akawapa soda, akawasindikiza, na alipoulizwa akasema chumba chenye mtu hakipangishwi mara mbili. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini baba yetu alipofariki mwaka 1986 alitulea sisi watatu kama wake, tukafanyia kazi za shule kwenye chumba cha mashine, na ile filamu iliporudishwa miaka kadhaa baadaye tuligundua kwamba mkanda wa nane ukifika penye daraja mjomba hugeuka ukutani, anafuta lenzi ambayo haina vumbi, mpaka nyimbo ziishe.

Sinema ilifungwa mwaka 1994, jumba likawa ghala la magodoro, akaomba abaki kuwa mlinzi, akabaki, akaketi miaka yote hiyo kwenye kiti cha babu penye mlango wa nyuma, tukamsihi aje akae nasi, mkaidi yule, haambiliki, akasema binti akija atakuja kwa mlango huu, hajui mwingine. Mwezi Novemba 2021 alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa na ulimi ukafa, akabaki na mkono wa kushoto, na kwa mkono huo alikuwa akigonga ubao wa kitanda mara tatu, polepole, wauguzi wakadhani anataka maji, wakamletea, akanywa ili asiwaudhi, akagonga tena. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, alfajiri, mkono ukiwa juu ya ubao.

Tangazo la msiba lilisomwa redioni, na leo asubuhi, jeneza likiwa limeshafungwa, alifika mama mmoja mtu mzima, kashikwa mkono na mjukuu wake, alikuwa ametangulia kwenye mlango wa nyuma wa ghala ndipo akaelekezwa hapa, akamwambia mama yangu kwamba yeye hakuja kulia, amekuja kumuuliza yule mwanamume swali moja. Akasema pia kwamba mwaka 1983, alipokuja kumzika baba yake, alipita pale mlangoni, akagonga mara tatu, ndani filamu inanguruma, hakufunguliwa, akajua jibu ni lile lile. Mama yangu alifungua kinywa amweleze, sauti haikutoka, na wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nami sikutaka la mjomba likosekane, kwa hiyo swali lile limejibiwa hapa, mbele yenu, na mwenyewe ameketi kule nyuma karibu na nguzo, tafadhali msigeuke kumtazama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, yale maji hayakuwa bure, inamshukuru mwenye magodoro aliyemwachia mjomba kile kiti hata alipokuwa hawezi tena kulinda hata godoro, inawashukuru majirani waliompikia, na wewe mzee Pancha, uliyebeba jeneza leo kwa bega bovu, tunakuomba usijilaumu, tairi ni tairi.

Na wewe mama wa penye nguzo, hakukuacha, alikuwa kwenye baiskeli, anakuja. Mjomba, tumechelewa, lakini ameambiwa. Acha kugonga sasa, upumzike kwa amani.