Fundi Oloo na Kadi ya Gari la Zahanati

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za sufuria kidogo, na wewe uliye njiani, egesha. Leo tunamkumbuka Fundi Oloo, mtengenezaji wa magari wa hapa Voi, aliyetutoka mwezi wa nne. Fundi Oloo. Aliyezaliwa katika nyumba za reli, baba yake akiwa mfanyakazi wa treni kutoka magharibi, na ambaye hakuwahi kuishi mji mwingine.

Oloo alijulikana kwa jambo moja: oili. Alichovya kidole, akaisugua, akainusa. Kisha akakuambia ulipita barabara gani. Watu walimcheka, lakini gari likianza kukohoa walimkimbilia yeye.

Magari ya siku hizi yana kitabu chake. Kitabu kinasema mwaga oili baada ya kilomita elfu kumi na tano. Oloo alikuwa na jibu lake. "Aliyeandika hiki kitabu hajawahi kupanda mlima wa Sagalla na gia ya kwanza, akila vumbi," alisema. "Hapa kwetu ni elfu saba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na injini ni ukuta wa bei mbaya."

Kila gari alilolihudumia alilifungia kadi kwa waya chini ya boneti. Juu ya kadi, namba moja tu: kilomita za kurudi. Elfu saba mbele, basi.

Wasikilizaji wapendwa, Januari mwaka huu Oloo alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa. Nasema tena, mkono wa kulia, mkono wa kuandikia. Toka siku hiyo aliketi kwenye kiti cha plastiki gerejini, vijana wakifanya kazi, na mkewe Philister ndiye aliyeandika kadi.

Februari alikuja Lois, dereva wa zahanati moja kule Sagalla. Lois ndiye anayewateremsha kina mama wanaoshindwa kujifungulia mlimani. Gari lilikuwa limetembea elfu themanini na nne na mia tatu. Oili ikamwagwa, filta ikabadilishwa, Philister akaandika: tisini na moja elfu, mia tatu.

Oloo akamshika Lois mkono kwa ule wake wa kushoto. "Lois, usinizidishie hiyo namba. Hilo gari linabeba watu wawili kwa mwili mmoja."

"Nimekuahidi, baba Odera," Lois akamjibu, akimwita kwa jina la mwanawe. " Ikifika hapo naleta."

Aprili Oloo akafariki. Lois alilia mazishini kama mtoto wake. Lakini ofisi ya zahanati ilikuwa imeleta mpango mpya wa sevisi: tufuate kitabu, elfu kumi na tano, na dashibodi itatuambia. Tisini na moja elfu ikafika. Ikapita. Lois aliona aibu, kisha akazoea. Dashibodi haikuwasha taa, na yeye hakufungua boneti.

Siku yenyewe ni ya mwezi wa sita, saa sita mchana. Ndani ya gari alikuwa Rachel, uchungu wa siku ya pili, mtoto amelala kingamo tumboni, hawezi kutoka. Pamoja naye mama mkwe wake, Tryphena. Wasipofika hospitali Voi, wanawazika wawili. Lois alilijua hilo, na aliliendesha gari akilijua.

Waliposhuka kona za mwisho na kushika tambarare ya upande wa Ndara, upepo ulikatika. Hakuna ndege, hakuna mbuzi, vumbi jekundu limesimama hewani halishuki. Ndipo ikasikika. Ko, ko, ko. Juu ya boneti, kama mtu anayegonga kwa spana.

"Nani huyo anagonga?" Tryphena akauliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Mimi nasikia mtu. Simamisha."

Lois alitazama dashibodi. Safi, hakuna taa hata moja. Ko, ko, ko. Nywele zilimsimama. Akazima injini, akashuka, akafungua boneti.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Akakipangusa, akakirudisha, akakitoa tena. Kikavu, na ncha nyeusi ya masizi. Wasikilizaji wapendwa, taa ya oili huwaka maji yakishafika shingoni. Kilomita chache zaidi na ile injini ingekwama pale pale, jua la utosi, na Rachel ndani.

Nyuma ya kiti kulikuwa na galoni ya oili. Akaitia. Alipoinua uso, macho yakaangukia kadi. Namba ya Philister ilikuwa imekatwa kwa mstari. Chini yake namba nyingine: tisini na tatu elfu, mia nane sitini na mbili.

Lois akaenda kuangalia mita ya gari. Tisini na tatu elfu, mia nane sitini na mbili.

Pale hakumwambia mtu. Aliendesha polepole mpaka hospitali. Rachel akafanyiwa upasuaji, na mtoto yuko hai. Ni msichana.

Jioni ile ile Lois alimpelekea Philister kadi. Mama huyu akavaa miwani, akaitazama sana.

"Hii ya juu nimeandika mimi. Hii ya chini ni ya baba Odera. Angalia nane yake, duara mbili kapandanisha."

"Lakini mama, mkono wake..."

"Ulikufa Januari. Najua. Si mimi ndiye nilikuwa nikimlisha?"

Lois akapiga magoti pale sakafuni. "Nisamehe. Nilimwahidi, nikafuata kitabu."

Philister akamwinua. Hakuwa na hasira. "Kesho asubuhi peleka gari likamwagwe oili. Usimfanye aje mara ya pili, mwanangu. Yule mzee amechoka."

Asubuhi, kabla ya saa moja, gari lilikuwa mlangoni pa gereji.

Kwa mama Philister, kwa mwanawe Odera na kwa mafundi wote wa gereji ile, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize ni ahadi gani alimpa marehemu wake, na amefika kilomita ngapi tangu aivunje.