Mama Chai Baadaye na Karakana Anayotuachia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutusumbua, mratibu wetu wa mikakati ya ajira ya kisekta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hongera kwake, na poleni nyote mliovumilia. Nimeombwa niandike wasifu wa furaha, usiozidi ukurasa mmoja na usiomkwaza mkurugenzi. Ukurasa mmoja nitajitahidi.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu: ofisi hii huchagua sekta, huwauliza wenye viwanda wanakosa mafundi gani, kisha huwafundisha watu wa kanda nzima kazi hizo. Ndivyo kalenda yetu inavyosema. Kwa vitendo, hapo pa kuuliza tulikuwa tunaparuka.

Alianza kama karani wa takwimu, msichana mwembamba mwenye sauti ya mnadani. Alipanda vyeo haraka, nadhani kwa sababu wakubwa walichoka kubishana naye. Kituko chake kikubwa anakisimulia mwenyewe, macho makavu. Aliandika mkakati wa sekta ya viatu, wenye jalada la rangi na dibaji ya mkurugenzi wa wakati huo. Darasa zima likafundishwa kushona viatu, likavalishwa sare, likapakiwa kwenye basi pamoja na mpiga picha kwenda kukabidhiwa kiwandani. Walikuta geti lina kufuli lenye kutu. Kiwanda kilikuwa kimeshahama zamani, na hakuna aliyepita kuangalia, maana takwimu zilisema kipo. Ulikuwa mkakati mzuri jamani, ulipungukiwa na kiwanda tu.

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, aliyeacha genge lake la mboga ili asome, alimuuliza sasa aende wapi. Mratibu wetu alikaa kwenye ngazi ya basi akalia mbele ya watu wote. Ofisi, kwa upande wake, iliandika kwamba mafunzo yamefana.

Tangu siku hiyo hakushikika. Vikao vya waajiri alivitoa hotelini akavihamishia stoo yetu kuukuu, ile ya mabati yanayopiga kelele. Maofisa uhusiano wenye tai aliwarudisha getini. Alitaka wenye viwanda wenyewe na wasimamizi wao wa mafundi. Na chai haikutoka mpaka kila mmoja ataje kazi anayokosa mtu wa kuifanya. Ndipo wakambatiza Mama Chai Baadaye. Mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye kikao kwake ni birika, hajamsamehe hadi leo.

Katika kikao kimojawapo, mwenye kiwanda cha maziwa alimwita mwenye maghala ya matunda mwizi wa mafundi wake wa majokofu. Wa matunda akajibu kwamba bahili kama yeye asishangae mafundi wakimkimbia. Mwenye machinjio alicheka mpaka akashika mbavu, kumbe naye alikuwa anawaibia wote wawili. Mama aliwaacha wakanyoosheana vidole weee, hadi koo zikakauka. Kisha akawauliza kwa nini wanyang'anyane mafundi walewale wachache badala ya kufundisha wapya kwa pamoja. Sijui kama ilikuwa busara au kiu, lakini walikubali. Stoo ikawa karakana. Kila kiwanda kikaleta majokofu yake mabovu na kumtoa fundi wake mmoja aje kufundisha kwa zamu, Mama naye akiwa na siku yake. Yule mama wa genge la mboga alikuwa katika darasa la kwanza la hapo; leo ni fundi mkuu kwenye maziwa, na siku yake ya kufundisha anafoka kuliko mwalimu wake.

Msidhani mstaafu wetu ni malaika. Kuegesha gari hajui, ukuta wa ofisi ni shahidi. Kwenye semina hulala na kukoroma, kisha akizinduka huuliza swali linalomtoa jasho mtoa mada.

Sasa habari njema. Mkurugenzi ametangaza kwamba Mama akishaondoka, karakana itageuzwa ukumbi wa kisasa, wenye zulia na kiyoyozi, ili tujadili kwa starehe upungufu wa mafundi. Kiyoyozi chenyewe, nasikia, kitafungwa na wanafunzi wa karakana kabla hawajafukuzwa. Haya ndiyo maendeleo.

Mama aliposikia hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alifuta ubao taratibu, akakunja aproni yake, akatuambia kwamba yeye zamu yake imekwisha. Mimi niliyekuwa msaidizi wake, ofisini na karakanani, niliyezoea kukwepa makelele yake, nilitamani sana apige kelele. Darasa la sasa bado liko katikati ya mafunzo. Ni watu wazima, wameacha vibarua vyao kwa neno letu, kama wale wa viatu.

Asante, Mama, kwa kutubana, kutuumbua na kutukumbusha kwamba mkakati huishia kwa mtu mwenye sura na watoto. Tunakuombea afya, usingizi wa kukoroma bila kuamshwa, na wajukuu wanaokusikiliza kuliko tulivyokusikiliza sisi. Kapumzike. Jumatatu asubuhi karakana naifungua mimi na darasa nalifundisha mimi. Mkurugenzi akiutaka ukumbi wake, itabidi aje anitoe mbele ya wanafunzi.