Bi Sakafu, Aliyeangusha Vitu Kabla Havijatengenezwa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini kwake, familia imenichagua mimi, mdogo wake wa kike, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitasoma, ila tangu Alhamisi sihisi kitu, kwa hiyo msinishangae nikisoma kama tangazo la kukatika maji.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na mama anasema alianza kutupa vijiko chini kabla hajaota meno, si kwa utundu, bali kwa kutaka kuona kitakachotokea. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu uhandisi wa mitambo mwaka 2003, na siku ya mahafali alivaa viatu vyangu, kwa kuwa vyake viliachia soli asubuhi ile, na vyangu hakuwahi kuvirudisha, ila hayo sasa yameisha.

Agosti 2004 aliajiriwa na kampuni ya vifaa vya kushika mkononi, katika chumba cha ghorofa ya pili kisicho na dirisha, na kazi yake, ambayo wengi wetu tuliitikia tu kwa kichwa, ilikuwa kuangusha vifaa ndani ya kompyuta kabla havijatengenezwa, yaani anachora kifaa chote, gamba, kioo, betri na kila tone la lehemu, anakigeuza kiangukie uso, ubavu au pembe, kisha kompyuta inakokotoa wapi patapasuka. Alinieleza kwamba hawaanzi pale kifaa kinapoponyoka mkononi, wanaanza kikiwa kimebakiza unywele kugusa sakafu, tayari kina kasi yake yote, kwa sababu njia ya hewani haina jipya, na kuihesabu ni kuichosha mashine bure. Kila aliyekutana naye, dada alimuuliza nyumbani kwake kuna sakafu gani, ya saruji, mbao au vigae, hata wakwe zake aliwauliza siku ya kwanza kuonana, ndipo kazini wakambandika jina la Bi Sakafu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2008 na shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa mabinti wawili, na nyumbani kwao bilauri haikuanguka bila watoto kuulizwa imetua upande gani.

Miaka yake ya mwisho kazini aliitoa kwa kifaa kimoja, cha kuenea kiganjani, chenye kitufe kimoja, ambacho mzee anayeishi peke yake akikibonyeza kinampigia mtu wake simu wakaongea humohumo, na hakuficha kwamba alikuwa akimfikiria mama, anayeishi peke yake, mikono inatetemeka, na nyumba nzima ni vigae. Maabara walidondosha vifaa halisi, vyote vikapona, wakubwa wakataka vianze kuuzwa, lakini kompyuta ya dada ilionyesha kwamba kikitua kwa pembe ya chini, karibu na betri, lehemu chini ya kitufe inapasuka, taa inaendelea kuwaka, na simu haiendi, yaani mama wa watu amelala chini, anabonyeza, anaona taa, anasubiri. Wakamwambia anatafuta uchawi kwenye hesabu, naye akawaambia kwamba mashine yao ya kudondoshea inakishika kifaa barabara kila mara, na mkono unaotetemeka haudondoshi hivyo, akakataa kutia saini, wakamnunia miezi, mwishowe wakakidondosha kwa pembe aliyoisema, kikafa mbele yao taa ikiwaka. Basi lehemu ikaimarishwa, pembe ikawekewa mpira, na kifaa cha kwanza akampelekea mama.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, akawa analazwa na kuruhusiwa, akafanya kazi kitandani hadi muuguzi alipomnyang'anya kompyuta, na Alhamisi asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliosema nasi ukweli, majirani walioosha vyombo bila kuombwa, na wenzake wa kazini, ambao nina neno nao lisiloandikwa hapa.

Jirani aliyemfikishia mama habari alifanya alivyoweza, hatumlaumu, ila mama aliposikia, kifaa kilimponyoka, kikatua kwa pembe ileile kwenye vigae, jirani mwenyewe aliona, naye mama akakiokota akabonyeza, kama dada alivyomfundisha kufanya akipatwa na jambo. Namba iliyomo ni ya dada, na simu ya dada ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwenye korido ya hospitali, ikaita, nikapokea, nikasema haloo, na sauti zetu mimi na dada mnajua zinavyofanana.

Mama akasema, "Mwanangu, wananiambia umekufa."

Neno lolote ambalo ningesema, mama angedhani ni la dada. Kwa hiyo, wenzake wa kazini, kifaa kinafanya kazi, sauti ilikuwa safi, nilisikia kila neno.

Dada, pumzika sasa, amani iwe yako.